Hita ya gesi inatuunguza, kisha inatumwagia maji baridi: niiweke nyuzi ngapi?

Wapendwa washauri, habari za kazi.

Naishi Arusha kwenye nyumba ya kupanga pamoja na mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na miaka 4) na mama mkwe. Mwezi wa tano tulinunua hita ya maji ya gesi, ile ndogo ya lita 6 inayojiwasha ukifungua maji, kwa sababu shawa ya umeme ilikuwa inatumalizia luku. Fundi aliifunga ndani ya bafu, juu ya mlango. Mtungi wa kilo 15 uko nje na mpira umepita kwenye tundu la ukuta.

Shida yetu ni hii. Maji yanakuja ya moto mno. Nikifungua ya baridi kidogo ili nichanganye, yanazidi kuwa ya moto. Nikiongeza tena ya baridi, hita inazima na tunamwagiwa maji kama ya barafu. Kioo chake kinaonyesha 52, mara 60. Juzi jioni mwanangu mkubwa aliungua bega, likawa jekundu siku nzima. Mama mkwe sasa anaiogopa, tena kila akitoka kuoga anasema kichwa kinamuuma na anaona kizunguzungu. Tunadhani ni presha, au ni lile joto la bafuni, maana asubuhi dirisha tunalifunga kwa ajili ya baridi.

Shemeji yangu aliyeko Marekani anasema kwake wameweka nyuzi 49. Jirani anasema nisishuke chini ya 60 ili vijidudu vife. Na mtungi hauvuki wiki tatu, wakati wa kupikia tunao mwingine. Niiweke ngapi? Na usiku tufunge gesi kwenye mtungi, au kuzima hita kunatosha?

Mama Wawili, Arusha

*

Mama Wawili, pole sana, na mpe pole mwanao.

Umeuliza nyuzi na tutazifikia. Lakini kuna jambo umelitaja kwa kupita ambalo linatangulia mengine yote: mama anaumwa kichwa na kuona kizunguzungu kila akitoka bafuni, hita iko humo humo ndani, na dirisha limefungwa. Tafadhali, asioge mtu tena kwa hita hiyo mpaka itolewe bafuni. Kuanzia leo.

Moto wa gesi ukipata hewa ya kutosha hutoa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Hewa ikipungua, huanza kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ile harufu kali ya gesi ya mtungi imetiwa kiwandani kwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Hii hainusiki kabisa. Ukiivuta inashika damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unaanza kukosa hewa huku mtu anapumua kama kawaida. Dalili zake za mwanzo ni hizo hizo alizozitaja mama: kichwa, kizunguzungu, baadaye kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Wazee, watoto na wajawazito hudhurika mapema kuliko wengine.

Tazama ukubwa wa bafu lenyewe. Bafu la mita 1.5 kwa 2, lenye kimo cha mita 2.4, lina hewa kama mita 7 za ujazo. Hita ya lita 6 ikiwaka kwa moto wote, kama kilowati 12, huunguza takriban gramu 150 za gesi kwa dakika kumi, na kuziunguza gramu hizo sawasawa kunahitaji zaidi ya mita 2 za ujazo za hewa. Yaani mtu mmoja akioga dakika kumi tu, karibu theluthi ya hewa ya chumba imepita kwenye moto. Anayemfuata anaingia kwenye hewa iliyochoka. Na Arusha iko mita 1,400 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi tangu mwanzo.

Kwa hiyo mpelekeni mama hospitali na mwelezeni daktari waziwazi kwamba bafuni kuna hita ya gesi isiyo na bomba la moshi. Bila kuambiwa hivyo, ni rahisi daktari kumpima presha peke yake. Presha ipimwe pia, ni sawa, lakini isifanywe ndiyo jibu kabla ya hili kuangaliwa. Ikitokea siku yoyote mtu ameanguka bafuni na hita inawaka, mtoeni nje kwenye hewa kwanza, fungeni mtungi, kisha mwahisheni hospitali hata kama amezinduka. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Wakati mnasubiri fundi, ogeni kwa ndoo. Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Chemsha lita 5, changanya na lita 12 za maji baridi ya asubuhi, utapata lita 17 za nyuzi 39, zinazotosha mtu mzima. Ndooni tangulia maji baridi ndipo umimine ya moto. Ukianza na ya moto halafu ukaitwa mlangoni, mtoto wa miaka 4 atakuta ndoo ya maji yanayochemka.

Hita ikae wapi

Mahali pake ni nje, kwenye ukuta wa bafu upande wa pili, chini ya paa ili isinyeshewe, na iwe mbali na dirisha ili moshi usirudi ndani. Bomba la maji ya moto ndilo litoboe ukuta na kuingia. Upepo ukiwa mkali pale, ijengewe kibanda cha bati kilichoachwa wazi chini na juu. Kuifungia kwenye kasha lisilo na matundu ni kuirudisha kwenye shida ile ile. Nyumba si yenu, kwa hiyo zungumzeni na mwenye nyumba kabla ya kutoboa, na kazi afanye fundi wa gesi. Anayejua mabomba ya maji tu hatoshi.

Fundi akiwa hapo, mwonyesheni regulata. Hita hizi hutaka presha ndogo ya gesi, milibari 28 hadi 30, sawa na jiko la kawaida la nyumbani. Ile regulata ya presha kubwa yenye mkono wa kuongeza na kupunguza, inayotumika kwenye majiko ya mama ntilie, haifai kabisa: inasukuma mwali nje ya vichomeo, maji yanachemka, na mpira unaweza kuchomoka. Mpira wenyewe uwe wa gesi, usizidi mita moja na nusu, ufungwe kwa klipu pande zote mbili, na usipite ndani ya tundu la ukuta unakosuguliwa bila kuonekana. Kisha pakeni povu la sabuni kwenye kila kiungo mtungi ukiwa wazi. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Msijaribu kwa kiberiti.

Hata ikiwa nje, mwali utazamwe mara kwa mara kupitia kile kidirisha cha mbele. Unatakiwa uwe wa bluu na umetulia. Ukiwa wa njano, au ukiona masizi juu ya hita, vichomeo vimeziba kwa vumbi au utando wa buibui, au regulata ina kasoro. Acheni kuitumia mpaka isafishwe. Mara moja kwa mwaka isafishwe hata kama haina dalili.

Kwa nini inaunguza halafu inazima

Hita yako haihifadhi maji. Inayapasha yakiwa yanapita, na moto wake haujui maji ni mengi au machache: ukishauweka kiwango fulani, unabaki hapo hapo. Kinachobadilika ni maji. Tuseme moto unaoingia kwenye maji ni kilowati 10 na maji ya tenki ni nyuzi 16. Yakipita lita 6 kwa dakika, yatatoka na nyuzi 40. Yakipita lita 4, yatatoka na 52. Yakipita lita 3, yatatoka na 64. Moto ni ule ule.

Sasa rudi kwenye koki. Unapofungua ya baridi ili uchanganye, maji ya baridi yanapigania njia moja ya shawa na yale ya hita, na maji yanayopita ndani ya hita yanapungua. Ndiyo maana kioo kilipanda kutoka 52 hadi 60 badala ya kushuka. Ukiongeza tena ya baridi, yanayopita ndani ya hita yanakuwa machache mno kusukuma kiwambo cha mpira kinachofungua gesi, kiwambo kinarudi, moto unazimika, na mnamwagiwa baridi. Hita haijaharibika. Inaendeshwa kinyume na ilivyoundwa: joto linatakiwa kupunguzwa kwenye hita, na koki ya baridi ibaki imefungwa.

Bega la mwanao lina sababu nyingine mbili zaidi. Aliungua jioni. Tenki la juu ya paa likishinda juani, maji ya jioni yanaweza kuwa nyuzi 23 au 24, na moto uliowekwa kwa ajili ya asubuhi utayatoa yakiwa na nyuzi 7 au 8 zaidi. Pili, ukifunga maji katikati ili ujipake sabuni halafu ukafungua tena, yale yaliyobaki ndani ya mabomba ya shaba yamekwisha kuongezwa moto na shaba yenyewe, na yanatoka ya kuunguza kwa sekunde chache. Maji ya kwanza, kila yanapofunguliwa upya, yamwagike pembeni. Usimame chini yake baadaye.

Namna ya kuiweka

Lengo ni nyuzi 38 hadi 40 kwa watoto na mama, 40 hadi 42 kwa nyinyi wawili. Zaidi ya hapo hakuna anayeoga. Ni kujiunguza tu.

Anza kwa kupima maji yenyewe, hita ikiwa imefungiwa gesi. Kinga ndoo ya lita 10 chini ya shawa, nobu ya maji ikiwa kwenye wingi wote, na uhesabu muda kwa simu. Ikijaa kwa sekunde 100, una lita 6 kwa dakika. Ikichukua sekunde 150, una lita 4. Ikichukua zaidi ya dakika tatu, presha ni ndogo na hakuna mpangilio utakaoituliza: tenki liko chini mno, kichujio cha kwenye mdomo wa kuingizia maji kimeziba mchanga, au kichwa cha shawa kimeziba. Hita nyingi za aina hii zinataka angalau mita 2 hadi 2.5 za kimo kutoka hita mpaka maji ya tenki, na mita 4 au 5 ndizo zinazoleta utulivu. Kichujio fungua wewe mwenyewe: funga maji, legeza mpira wa kuingizia, chomoa kile kikapu kidogo cha waya, kioshe kwa mswaki. Mara nyingi tatizo zima liko hapo.

Ukishajua maji, fungua gesi. Hita za lita 6 kwa kawaida zina nobu tatu: moja ya ukubwa wa moto, moja ya msimu yenye alama ya jua na theluji, na moja ya maji. Weka ya msimu kwenye jua, kwa sababu hapo baadhi ya vichomeo havipati gesi. Weka moto mdogo kabisa na maji mengi kabisa. Fungua koki ya moto yote, ya baridi ifungwe, subiri dakika nzima. Soma kioo, lakini usikiamini peke yake: kinga maji kwenye kikombe na uyapime kwa kipimajoto cha jikoni. Yakiwa chini ya 40, ongeza moto kidogo sana, subiri tena dakika. Moto wa upande wa jua ukiisha na bado ni baridi, rudisha moto mdogo, hamia kwenye theluji, uanze kupanda upya. Nobu ya maji iguswe mwisho, na usiipunguze ikafika chini ya lita 4 kwa dakika.

Ukipata 40, weka nukta ya rangi ya kucha kwenye nobu na nyingine kwenye mwili wa hita zikitazamana. Fanya hivyo mara mbili kwa rangi mbili, asubuhi na jioni, kwa sababu maji ya tenki si yale yale. Hita ikishahamia nje, anayetangulia kuoga awe ndiye anayezipanga nukta, na watoto waambiwe kwamba hazichezewi. Septemba joto likirudi, upange nukta upya.

Kwa huyu wa miaka 4, mtu mzima ashike maji kwa kiwiko kwanza, kila mara. Ngozi ya mtoto ni nyembamba. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumpa mtu mzima jeraha baya kwa sekunde tano, na mtoto kwa sekunde moja hivi. Hiyo 60 ndiyo namba uliyoisoma kwenye kioo chenu. Mtu akiungua, sehemu ile iwekwe chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, yai na majivu havipozi. Vinafungia joto na kuleta uchafu kwenye jeraha.

Shemeji na jirani

Shemeji yako yuko sawa, kwa hita yake. Marekani nyumba nyingi zina hita ya gesi yenye tenki linaloshikilia maji ya moto usiku na mchana, na nyuzi 120 za Farenihaiti, ambazo ni 49 za Selsiasi, ndizo zinazopendekezwa ili watu wasiungue na gesi isiteketee bure kulinda joto la tenki. Anayechota hapo anachanganya na ya baridi kwenye koki, na tenki halijali.

Jirani naye amesikia jambo la kweli akaliweka mahali pasipo pake. Bakteria wa Legionella hupenda kuzaliana kwenye maji yanayokaa kati ya nyuzi 25 na 45, na 60 huwaua. Hilo ni la matenki yanayohifadhi maji ya moto. Hita yenu haina maji yanayolala ndani yakiwa vuguvugu, basi 60 haikuletei kinga yoyote, inakuletea ajali. Tena maji ya kisima yenye chokaa yakipashwa kiasi hicho huacha ukoko ndani ya mabomba ya shaba, na ukoko unazuia joto lisiingie kwenye maji.

Mtungi wa wiki tatu

Kilo 15 kwa siku 21 kwa watu watano ni gramu 140 kila mtu kila siku. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 16 hadi 40 hula gramu 130 hivi. Kwa hiyo hesabu inasema gesi haivuji sana. Mnaoga kama dakika 11 kila mmoja, na sehemu ya muda huo mnakimbizana na joto lisilotulia. Ukishaweka nukta, dakika 7 kwa lita 5 kwa dakika zinatumia gramu 90, na mtungi huo huo utafika mwezi na siku mbili tatu. Kichwa cha shawa chenye matundu madogo husaidia, mradi kisishushe maji chini ya zile lita 4.

Msibadilishe mkatumia mtungi wa kilo 6 ili kupunguza gharama ya mara moja. Asubuhi ya baridi mtungi mdogo hauwezi kugeuza gesi ya maji kuwa hewa kwa kasi ambayo hita inaitaka. Unapoa mpaka unatoa jasho, moto unafifia, na maji yanapoa mtu akiwa na sabuni kichwani. Wapo wanaoutumbukiza mtungi kwenye maji ya moto au kuulaza ubavu. Usiruhusu. Ukilala, gesi ya maji inaingia kwenye regulata na mwali unaruka.

Na swali lako la mwisho: ndiyo, usiku fungeni kwenye mtungi, na pia mkisafiri. Nobu ya hita inazuia gesi ndani ya hita tu, wakati mpira na viungo vyake vyote vinabaki na presha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya mashimoni na kwenye mifereji, basi mtungi usimame kwenye sakafu iliyoinuka, mbali na mfereji wa maji machafu. Asubuhi mkifungua, hita inaweza kulia cheche mara mbili tatu kabla ya kuwaka kwa sababu mpira una hewa. Ikilia bila kuwaka na mtungi una gesi, badilisha yale mabetri mawili makubwa yaliyo chini yake, yote mawili kwa pamoja.